Mkia wa Nalongo

Mafuta ya mkia wa kondoo yakianza kuyeyuka sufuriani, wenzangu yanawatia njaa. Mimi yananitia hasira. Juma lililopita tulikuwa Kisugu kwenye akika ya mjukuu wa dada yangu, wanawake tumezunguka majiko, harufu ile imetanda uani, na mimi nimeshika mwiko kama mtu anayetafuta wa kumpiga. Hapo mgeni mmoja akaanza kumsifu shemeji yake mwenye wake wawili. Mwadilifu ajabu, alisema. Akinunua kilo ya nyama, nusu huku, nusu kule. Akipata sukari, kijiko kwa kijiko. Nikamuuliza mke mkubwa ana watoto wangapi. Sita, akasema. Na mdogo? Mmoja tu, bado ananyonya.

"Basi huyo shemeji yako ni dhalimu," nikamwambia. "Na mwambie nimesema mimi."

Dada yangu akanivuta mkono pembeni, akaninong'oneza kwamba nimezeeka vibaya.

Huenda. Lakini nyie mliopanga foleni ya sukari na sabuni enzi za wale wanajeshi, nyie wa rika langu, acheni niwaeleze kilichonizeesha vibaya. Ni kondoo jike mmoja, na mkia wake.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, naishi Bwaise kwa mama yake baba. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba, na mimi wangu nilimwita hivyo hivyo, Haboba, kana kwamba duniani kulikuwa na mmoja tu. Wazazi wangu walikuwa Arua. Nyumba yetu ilikuwa chini ya barabara ya Bombo, karibu na bwawa la matete, mahali ambapo mvua ikinyesha unaamka viatu vinaelea. Haboba alisuka mikeka na makawa ya kufunikia chakula. Kila wiki alichemsha rangi kwenye debe, akatumbukiza kindu, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu au zambarau mwaka mzima. Harufu ya rangi ile na harufu ya kondoo ndizo nguo nilizovaa utotoni.

Kondoo hawakuwa wetu. Walikuwa wa Ami, kapteni wa jeshi, ndugu wa baba kwa baba mmoja. Babu, aliyekuwa askari wa Mwingereza na ambaye sikumkuta hai, alikuwa na wake wawili. Haboba ndiye mke mkubwa, akazaa saba. Mke mdogo alizaa mmoja, huyo Ami, na sasa alikuwa anakaa naye katika nyumba ya ghorofa ambayo mwanawe alipewa wakati Wahindi walipofukuzwa. Ami alileta kondoo wawili wenye mimba nyuma ya gari la jeshi. Wametoka wapi hatukuuliza. Watu hawakuuliza mambo ya namna hiyo.

"Nifugie, Mama mukubwa," alisema. "Zikizaa, mutoto moja ya kondoo ni yako."

Haboba alimshukuru mpaka nikaona haya. Jioni ile ile akaniambia huyo mmoja ni wa akika yangu. Nilipozaliwa baba hakuwa na uwezo, siku ya saba ikapita, mwaka ukapita, na Haboba alikuwa ameweka nadhiri kwamba hatakufa kabla hajanichinjia. Watoto wenzangu msikitini wote walikuwa wamechinjiwa. Mimi nilijiona kama mtu ambaye bado hajafika duniani sawasawa, amewekwa mlangoni asubiri. Kwa hiyo kondoo wale niliwapenda kwa pupa, kama wamebeba cheti changu tumboni.

Wakazaa katika wiki moja. Yule mweusi akatoa mmoja, dume nene. Yule mwekundu akatoa pacha, jike na dume. Jirani yetu Mama Babirye, Mganda aliyekuwa na kibanda cha kuuza matoke, alikuja kutazama, akapiga kigelegele pale pale kwenye mavi ya kondoo. Kwao mama wa mapacha anaitwa Nalongo, ni cheo, anaheshimiwa, na yeye mwenyewe alikuwa nacho.

"Huyu ni Nalongo mwenzangu!" akasema, na kondoo akapata jina. Yule mweusi tulimwita Mweusi tu, maskini.

Haboba akanichagulia dada mtu katika wale pacha. Nilimfunga uzi wa ukindu shingoni.

Sasa, mikia. Kondoo wetu wa huku wana mkia mpana wa mafuta, na mtu wa kwetu akitaka kujua kondoo ametunzwa au hakutunzwa, hamwangalii usoni. Anamkamata mkia. Waliletwa na mikia miwili iliyolingana, minene, inayotikisika wakitembea. Baada ya wiki chache nikaona wa Nalongo hautikisiki tena. Nikachukua ukindu mwekundu, nikauzungusha kwenye mkia mahali penye unene, nikapiga fundo. Ijumaa iliyofuata nikapima tena: fundo jipya likaja ndani ya lile la kwanza. Ijumaa nyingine, ndani zaidi. Mkia wa Mweusi nao ulipungua kidogo, upana wa ukucha hivi, kisha ukatulia. Wa Nalongo ulikuwa unakwenda.

Nikafikiri nikapata jibu. Niliamini ndani ya kondoo kuna mrija kutoka mkiani mpaka kwenye chuchu, na wale pacha, kwa kunyonya kwa nguvu vile, magoti chini na vichwa vinagonga, walikuwa wanaunywa mkia wa mama yao. Nikamweleza Mama Babirye. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia la makaa, akafuta machozi kwa ncha ya gauni lake la gomesi.

Mnajua nini? Miaka mingi baadaye nilimuuliza daktari wa mifugo, mtu mzima, mwenye miwani, akasema hakuna mrija lakini nilikuwa karibu kabisa na ukweli. Anayenyonyesha wawili hutoa maziwa mengi kuliko anayenyonyesha mmoja, maana wawili wanadai zaidi. Akikosa chakula cha kutosha, mwili wake unajila wenyewe, na huanzia kwenye mafuta. Kwa hiyo ni kweli walikuwa wanakunywa mkia. Mtoto wa miaka minane aliliona hilo kwa uzi na mafundo, na watu wazima wakacheka.

Kwa nini alikosa cha kutosha? Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Si kwamba hatukuwa nacho. Kila asubuhi nilijaza gunia maganda ya matoke kutoka kwa Mama Babirye, na shangazi mmoja alituletea pumba kutoka kinuni. Haboba mwenyewe ndiye aliyegawa. Ukutani kwake ilining'inia mizani ya shaba yenye sahani mbili, ya Babu. Kwa mizani ile Babu alipimia wake zake kila kitu: sukari, chumvi, nyama ya Idi. Hakupunguza upande, hakuzidisha upande. Bwaise nzima walimsifu, imamu alimsifu siku ya mazishi, na Haboba alimsifu kuliko wote. "Babu yako hakunidhulumu hata punje," alikuwa akisema, huku akiipangusa mizani kwa kanga yake. Alisema hivyo mtu aliyelea watoto saba kwa fungu lile lile ambalo mwenzake alilea mmoja! Nilikuja kuambiwa na shangazi kwamba siku zile Haboba alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa ilidondoka kwenye sufuria ya mchuzi.

Basi Haboba akawapimia kondoo vivyo hivyo. Pumba kwenye sahani hii, pumba kwenye sahani ile, mpaka ulimi wa mizani usimame. Maganda mafungu mawili, sawa kwa sawa. Mweusi alikula akabakisha, akalalia mengine. Nalongo alimaliza, akalamba udongo, akanitazama.

Nikamwibia. Nilichota maganda kwenye fungu la Mweusi, nikayapeleka kwa Nalongo, mikono miwili, nikarudi mara ya pili. Haboba akanikuta.

"Unafanya nini?"

"Huyu ana njaa, Haboba. Ana watoto wawili."

Nilipata kofi ambalo nalisikia mpaka leo mvua ikitaka kunyesha. "Dhuluma nyumbani kwangu! Mimi nimekaa uke wenza miaka thelathini, hakuna aliyepunjwa, leo wewe unaleta upendeleo? Rudisha!" Nikarudisha, ganda kwa ganda, mengine nikiyatoa mdomoni mwa Nalongo. Hakuridhika. Akanishika sikio, akanipeleka mbele ya Mweusi. "Mwombe radhi."

"Nani, kondoo?"

"Mwombe radhi, umekula haki yake."

Nikamwomba radhi Mweusi. Alikuwa anacheua, ameshiba, hata hakuniangalia. Ebo! Nimeomba radhi kwa wengi maishani lakini ile ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa na haki, na nilijua nina haki, na sikuwa na maneno.

Tangu siku ile nilitegemea mtu mmoja tu: Ami. Msicheke. Nilikuwa nimemwona Ami akipita mbele ya foleni ya sukari na watu mia wakitazama chini. Nilimwona akisema neno moja na duka lililofungwa likafunguka. Kwangu mimi huo ulikuwa uwezo wa kutengeneza mambo. Nilingoja aje niseme naye, amwamuru Haboba amwongezee Nalongo.

Akaja Jumatano mchana, na askari mmoja anayeendesha. Haboba akatandika mkeka mpya. Ami hakukaa. Alikwenda moja kwa moja bandani, mkono wa kwanza kwenye mkia wa Mweusi, akatabasamu. Mkono wa pili kwenye mkia wa Nalongo. Akaubonyeza. Ulikuwa ngozi tu, umelegea kama soksi.

"Mama mukubwa," akasema. Ami alizaliwa pale pale Bwaise lakini kambini alikuwa amechukua Kiswahili cha amri, kila kitu hii na ile. "Hii ina nini?"

"Ananyonyesha pacha, mwanangu."

"Hata ile inanyonyesha. Mbona ile iko na mafuta?"

"Yule ana mmoja."

"Kunyonya ni kunyonya. Nani amekula chakula ya hii?"

"Hakuna aliyekula. Wallahi nimewagawia sawa, kwa mizani ya baba yako. Hii hapa ukutani."

Ami akacheka. "Kama ungezigawia sawa, zingekuwa sawa."

Sikilizeni maneno hayo. Niliyasikia kwa masikio yangu, na tangu hapo nimeyasikia kwa walimu, kwa mabosi, kwa wanaume wenye mizani zao. Mmoja amenona na mwingine amekonda, kwa hiyo aliyekonda ana kasoro au kuna mwizi. Hakuna anayehesabu watoto.

Mimi nikaona sasa ndiyo zamu yangu. Nikakimbia ndani, nikatoa ukindu wangu wa mafundo chini ya mto, nikamletea kwa mikono miwili kama mtu anayeleta zawadi. "Ami, tazama, nimepima! Huu ndio mkia wake nilipoanza kupima. Ijumaa hii ulikuwa hapa. Hii, hapa. Hii, hapa. Haboba hamwongezei. Mwambie amwongezee."

Akauchukua. Akapitisha kidole juu ya mafundo, moja moja, polepole. Kisha akauinua mbele ya uso wa Haboba.

"Mama mukubwa. Hata mutoto wa nyumba amehesabu wizi yako."

Mungu nisamehe. Nilimtazama Haboba nikangoja aeleze, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mkubwa na mwenye maneno. Alikuwa anatazama ukindu, ule ukindu mwekundu alioutia rangi mwenyewe.

Mama Babirye alikuwa mlangoni na beseni la maganda kichwani. Yule mama, ambaye mume wake alichukuliwa na gari kama lile na hajarudi mpaka kesho, akasema kwa Kiswahili chake cha Kiganda: "Afande, hii kondoo ni Nalongo. Kwetu Nalongo akikonda watu wote wanamuretea chakura. Hawamukamati."

"Wewe nani alikuuliza?" akasema Ami, na askari akageuka kumtazama. Mama Babirye akatua beseni chini, akaondoka kinyumenyume. Simlaumu. Nasema tena, simlaumu.

Wakawachukua wote. Mweusi na mwanawe walipelekwa kwa mtu mwaminifu zaidi, alisema. Pacha nao, pamoja na dada mtu mwenye uzi wangu shingoni, kwa sababu mwizi hana fungu. Nalongo alichinjwa kesho yake kwenye karamu yao ya maafisa, "kabla haijakufa bure." Mwanamke aliyepika huko alimwambia shangazi kwamba nyama ilikuwa ngumu na mkia haukutoa mafuta hata ya kukaangia kitunguu kimoja. Nilipoambiwa nilifurahi, tena sana.

Watu wanasema sisi Wanubi, kwa kuwa wakubwa wengi wa jeshi walikuwa wa kwetu, tulikula enzi zile. Nimesemwa hivyo sokoni, nimesemwa kazini, na utawala ulipoanguka tulisemwa kwa mawe na moto, tukakimbia na mikeka kichwani. Sawa, Ami alikula. Alikula tangu tumboni, fungu la familia nzima kwa mdomo mmoja, na alipokua akaendelea na alichozoea. Lakini njooni mniambie Haboba alikula nini.

Gari lilipoondoka, uani kulibaki mafungu mawili ya maganda, sawa kwa sawa. Haboba alikaa kwenye mkeka wake mpya akayatazama. Nilikuwa nalia, nangoja kofi. Akaniita nikae.

"Nalongo na watoto wake, midomo mingapi?"

"Mitatu."

"Na yule mwingine na mwanawe?"

"Miwili."

Inzi walikuwa wameshaanza kuja kwenye maganda.

"Na mimi nilikuwa na midomo mingapi?"

Nikahesabu baba, na baba wakubwa, na baba wadogo, na mashangazi, kwa vidole vyangu vya zambarau. Saba. Nikamwongeza yeye. "Minane, Haboba."

"Na mama yake huyu aliyeondoka?"

"Miwili."

"Miaka thelathini," akasema. "Miaka thelathini nampigia babu yako makofi." Akanivuta sikio, lile lile, lakini safari hii alilishika tu, akaling'ang'ania kama mtu anayeshika mlango gari likienda. "Wewe uliona. Nikakupiga. Nisamehe, mama yangu." Hakupata kuniita hivyo kabla wala baada ya siku ile.

Ijumaa baada ya swala akajifunga shuka nyeupe, akashusha mizani ukutani, akaifunga ndani ya kanga, akaniambia tunakwenda kumtembelea Babu. Nilidhani tunakwenda kuomba dua. Ndivyo tulivyofanya kila tulipokwenda: anamwagia kaburi maji, anang'oa majani, anasoma, analia kidogo, tunarudi. Siku hiyo hakuchukua maji.

Alisimama miguuni mwa kaburi. Alikuwa mfupi sana, Haboba, na alisimama kama askari.

"Assalaam aleikum, baba wa watoto wangu. Leo sikuja kukuombea. Nimekuja kukwambia hukuwa mwadilifu. Ulikuwa na mkono usiotetemeka, basi. Mimi nilikuwa na wanane sahanini na wewe ukapima mtu mmoja. Nilikonda, ukaniuliza mbele ya watu chakula nakipeleka wapi. Umesahau? Mimi nilisahau. Nilikusifu mpaka nimekuja kumfanyia mnyama asiyesema ulichonifanyia wewe. Na mtoto wako huyo, uliyempa fungu la wanane, amekuja kunyang'anya akika ya huyu." Akanisukuma mbele ili Babu anione. "Mtazame. Ni wa mwanao wa nne. Hana akika."

Sina mpaka leo. Ami hakurudi, nchi ikapinduka, tukatawanyika, na Haboba akafa ugenini na nadhiri yake. Dada yangu hunitania kwamba ndiyo maana sijatulia, na kila kwenye akika za watu hunipa mwiko ili nisikae bure nikikasirika.

Haboba akafungua kanga, akaiweka mizani juu ya udongo, sahani moja huku, nyingine kule.

"Chukua kitu chako," akamwambia. "Nyumbani kwangu kuanzia leo tunahesabu midomo."

Akanishika mkono, tukaondoka. Hakugeuka nyuma. Tulipofika barabarani akasimama ghafla, akakumbuka kwamba hajamsomea hata Fatiha. Akageukia makaburi kutoka mbali pale, akainua mikono, akaisoma haraka haraka, kwa hasira, akajipangusa uso, akaniambia twende, njaa inamuuma.